Lundo Lililopimwa kwa Twiga

Waliohudhuria baraza la mwaka ule wa ukame ni hawa. Alikuwepo Simba, mfalme, aliyekaa juu ya jiwe ili kila mtu amtazame kwa kuinua shingo. Alikuwepo Twiga, ambaye peke yake hakuhitaji kuinua, na kwa adabu alikuwa ameinamisha. Alikuwepo Fisi madoa, si yule wa miraba anayekaa nchi kavu za kaskazini. Alikuwepo Kanga, mpeleka habari, asiyeweza kukaa na neno mdomoni. Na nyuma ya wote alikuwepo Sungura, aliyekuja kwa niaba ya bibi yake, Bibi Mashavu, ambaye miguu ilimwisha nguvu na hakutoka tena nyumbani.

Shida ilikuwa moja. Lambo lilikuwa limekauka. Maji yalibaki kwenye chemchemi ya Kilima cha Mawe tu, mwendo wa asubuhi nzima, na hayakuchukulika ila kwa kibuyu. Navyo vibuyu vilikuwa vinapasuka, na mimung'unye ya kuzaa vingine ilikuwa imenyauka shambani, udongo umechoka.

"Kuanzia leo," Simba alinguruma, "hakuna kitu kutupwa katika nchi yangu. Kibuyu kilichopasuka kiletwe, kishonwe kwa ukindu, kizibwe kwa nta, kirudi kwa mwenyewe. Mfupa uletwe, utwangwe, urudi shambani kurutubisha udongo. Kila kitu kizunguke!"

Wakashangilia. Simba aliwanyamazisha kwa mkia.

"Lakini tutajuaje kama tunaendelea? Tembo wa ng'ambo ya mto anajisifu kwamba kwao vitu vinazunguka tangu zamani. Nataka kipimo."

Fisi alijisogeza mbele, mate yakimtoka. "Mtukufu, jambo jepesi hilo. Vitu vyote vilundikwe mahali pamoja, na Mzee Twiga asimame kando. Lundo likimfika magotini, tumeanza. Likimfika tumboni, tumeendelea. Likimfika shingoni, hakuna nchi ya kutufikia. Nitalisimamia mimi mwenyewe kwa moyo safi. Nipewe tu paja moja la nyama kila linapopanda."

"Bwana Fisi," Sungura alisema kutoka nyuma, "vitu vikirudi kwa wenyewe, lundo si litashuka?"

"Wewe umepewa masikio yote hayo ili usikilize, mdogo wangu, si ili useme."

Baraza lilicheka, Simba akacheka kuwashinda wote, na kipimo kikapita.

Siku ileile Sungura alipeleka kibuyu cha bibi yake, kilichofanya ufa ubavuni, kikiwa na mkanda wa shanga za bluu shingoni. Fisi alikipokea kwa mikono miwili, akasema, "Njoo kesho." Kesho yake alisema hivyohivyo. Sungura akawa anachovya majani chemchemini na kukimbia nayo nyumbani, ili amkamulie bibi yake mdomoni. Mengi yalikauka njiani.

"Usihangaike, mjukuu wangu," Bibi Mashavu alimwambia. "Kibuyu kikirudi tutakunywa."

Kibuyu hakikurudi, wala cha mtu mwingine yeyote. Fisi alikuwa ameona mapema kwamba kila kibuyu kinachoshonwa na kuondoka kinaipunguzia nchi maendeleo, na yeye kinampunguzia nyama. Mifupa ilipokelewa kwa shangwe, lakini aliyepita karibu na lundo alisikia mtu anatafuna. Vibuyu vibovu vilipokwisha, Fisi alianza kupita majumbani. Alichukua cha Kanga, akakigonga kwenye jiwe.

"Hicho ni kizima!" Kanga alipiga kelele.

"Kilikuwa," Fisi alisema, akakitupa juu ya lundo.

Habari zikaja kwamba Tembo atatembelea. Simba alikwenda kulitazama lundo, akakuta limemfika Twiga kifuani.

"Mzee Twiga, umezidi urefu."

"Ndivyo nilivyozaliwa, Mtukufu."

"Piga magoti kidogo, kwa ajili ya nchi."

Twiga alipiga magoti, na nchi ikaendelea.

Hapo ndipo Sungura alipomwendea Simba, akainama mpaka masikio yakagusa vumbi. "Mtukufu, lundo Tembo atalitazama kwa macho tu. Lakini mbele yake ukinywa maji kwenye kibuyu kilichoshonwa katika enzi yako, atarudi kwao kimya. Bwana Fisi anavyo vingi. Mwache achague kilicho bora."

Simba alijiona tayari akinywa. Amri ikatoka. Fisi, aliyekuwa hajashona hata tundu moja, aliokota kibuyu cha juu, akapaka tope kwenye ufa, akakipangusa kwa mkia.

Tembo alikuja, akakaa. Simba alikiinua kibuyu juu ya kichwa chake ili watu wote wakione. "Hiki kilitupwa," alisema, "nacho kimerudi!" Tope lililowa, likaachia. Maji yalimshukia usoni, yakapita katika manyoya ya shingo, yakamwacha ana rangi ya nguruwe.

"Kingine!" alinguruma. Kingine kilivuja. Na kingine.

Tembo alipangusa matone kwenye mkonga wake. "Ndugu yangu Simba, mimi kwetu sina lundo la kukuonyesha. Vibuyu viko majumbani, vina maji."

"Na mifupa?" Simba alimgeukia Fisi. "Mifupa ya shamba iko wapi?"

Fisi alifungua mdomo ajitetee, akapaliwa, na kipande cha mfupa kikaruka mpaka miguuni kwa mgeni. Hata Twiga, bado kapiga magoti, alicheka.

Fisi alihukumiwa kutwanga kila mfupa utakaoletwa, amefungwa mdomo kwa ukindu, na kushona vibuyu vyote mpaka lundo liishe. Sungura hakungoja kumcheka. Alifukua mpaka akaziona shanga za bluu, akakiweka kibuyu mbele ya Fisi, akasimama kando kumsimamia.

"Mishono midogo, Bwana Fisi. Bibi yangu hapendi kazi ya ovyo."

Kiliposhonwa na kuzibwa, Kanga aliruka kutangulia kwa Bibi Mashavu na habari njema. Sungura alipanda Kilima cha Mawe, akakijaza, akakigeuza huku na huku. Hakikuvuja hata tone. Akashuka amekikumbatia, akitembea polepole kwa mara ya kwanza maishani mwake ili asimwage.

Kanga alikuwa amesimama mlangoni, hasemi. Sungura alimuuliza kama bibi ameamka.

Bibi Mashavu alikuwa amekufa asubuhi ile.