Mabega Arobaini na Moja

"Umbali liulize bega, usiuulize mguu."

Bibi Sekela aliitamka methali hiyo akiwa kwenye benchi la zahanati ya Ihelanya, baada ya vijana wawili kubishana kama kijiji chao ni cha mbali au si cha mbali. Mmoja alisema kwa pikipiki ni dakika thelathini tu mpaka lami, kwa hiyo maneno ya ushamba yakome. Walipoisikia methali wakauliza imetoka wapi. Bibi akasema haikutoka mbali, ilizaliwa kwenye njia ileile ya pikipiki. Chanzo chake ni hiki.

Miaka hiyo barabara ilikuwa haijapanda mlima. Wilaya ilikuwa na fedha za kujenga zahanati moja, na ilikata shauri kuijenga katika kijiji kilicho mbali kweli. Kazi ya kutambua kijiji hicho alipewa Bwana Gervas Mkilindi, mtu wa takwimu, asiyeamini jambo mpaka alipime. Alikuja na gurudumu la kupimia njia, saa ya mkononi na fomu. Fomu ilitambua kijiji cha mbali kwa mambo mawili: njia izidi kilomita kumi, au wenyeji wenyewe wathibitishe kwamba ni mbali. Tena kulikuwa na sharti kwamba wenyeji wasiambiwe fomu ni ya nini, wasije wakatia chumvi.

Alipanda Ihelanya peke yake, akisukuma gurudumu lake. Kilomita saba, saa mbili na nusu. Sharti la kwanza likawa limeanguka. Likabaki la pili.

Alimuuliza mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ngailo, kutoka barabarani ni mbali? Mzee alimmiminia ulanzi, akamwambia ni hapo tu. Alimuuliza mtu aliyekuwa akifunga gunia la viazi, naye akasema ni hapo tu, ingawa yeye akienda kuuza viazi hurudi kesho yake. Alimuuliza mama mmoja aliyekuwa akipalilia ngano. Huyo alisema ni hapo tu, mabega arobaini na moja.

Mkilindi alisimama na kalamu mkononi. Mahali ni hapo tu, lakini mtu hulala njiani. Ni hapo tu, lakini pana mabega. Aliuliza bega moja ni hatua ngapi, mama akacheka na kumwambia hilo halihesabiwi kwa hatua. Akarudi kwa mwenyekiti, akajibiwa kwa upole uleule. Nyumba kumi na nane aliingia, na zote kumi na nane zilimwambia ni hapo tu. Aliona kuna jambo lisilokaa sawa, ila hakujua ni lipi, na fomu haikuwa na nafasi ya mambo yasiyokaa sawa. Akaandika: Wenyeji wanasema si mbali.

Alilala kwa mwenyekiti, na asubuhi alikuta watu wamejaa kwa jirani. Mke wa Tulizo alikuwa na uchungu tangu jana yake na mtoto hashuki. Wanaume walikuwa wamekwisha kufunga machela, mianzi miwili na blanketi. Kwa kuwa Mkilindi naye alikuwa anateremka, alifuatana nao. Ilikuwa saa kumi na mbili kamili.

Wanne hubeba, wengine hufuata. Bega likiwaka moto, wa mbele husema "Bega," nao hupokezana, na mmoja huhesabu kwa sauti. Walipofika bega la sita, Mkilindi aliweka gurudumu begani kwa Tulizo, ambaye hakuruhusiwa kumbeba mkewe, akaingia yeye kwenye mwanzi. Alidhani atasaidia kidogo. Penye jiwe walimpitisha mgonjwa juu ya vichwa. Penye gogo la kuvukia mto walimteremsha, wakamvusha wakimshika kwa zamu. Ukungu ulifunika njia, akaacha kujua wako wapi. Alikuwa amepita hapo jana, ameandika kila mita, na bado hakutambua hata kona moja. Alijiuliza kama wamepotea. Hawakuwa wamepotea.

Walipoitua machela barabarani, aliangalia saa. Saa tisa na nusu alasiri. Aliyehesabu akataja arobaini na moja. Gari lilimchukua mgonjwa kumpeleka hospitali.

Mkilindi akakaa chini karibu na mwenyekiti, ambaye naye alikuwa ameteremka nao.

"Mzee, mliniambia ni hapo tu."

"Tulikwambia."

"Nyumba kumi na nane."

"Ulikuwa mgeni, bwana. Mgeni haambiwi njia ni ndefu. Kumwambia hivyo ni kumfukuza. Tena wewe ulikuja na miguu yako mwenyewe, huna mzigo. Kwako ni hapo tu kweli."

"Niliuliza umbali wa kijiji, sikuuliza wangu."

Mzee Ngailo alilitazama shati la mgeni, lililochanika palipokaa mwanzi.

"Basi safari hii usituulize sisi. Liulize bega lako."

Mkilindi alitoa fomu. Kilomita saba aliziacha, kwa sababu zilikuwa saba. Alifuta maneno ya wenyeji, akaandika: Mabega arobaini na moja, saa tisa na nusu, mgonjwa mmoja. Wilayani wakubwa wake walimuuliza bega ni kipimo gani. Alifungua vifungo vya shati, akawaonyesha kovu.

Zahanati ilifunguliwa mwaka wa pili. Siku hiyo yeye mwenyewe aliyasimulia haya mbele ya watu, na kuanzia hapo, Ihelanya mtu akisema "hapo tu," huulizwa kama bega nalo linasema hivyo.

Kijana wa pikipiki aliuliza yule mama wa machela ilikuwaje.

"Alifanyiwa upasuaji, akapona. Mtoto hakupona. Walisema mama angefika asubuhi, mtoto angekuwa hai."

"Aliitwa nani, Bibi?"

Muuguzi alichungulia mlangoni, akaita: "Sekela, mke wa Tulizo."

Bibi akainuka taratibu. Yule kijana akamshika mkono mpaka mlangoni, nako kulikuwa hatua sita, na hakusema tena kwamba ni karibu.

Umbali liulize bega, usiuulize mguu.