Zimwi la Vinywa Viwili

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu.

Tumesogea.

Nianze?

Anza, nasi tupo.

Basi palikuwa na fundi mmoja, jina lake Kiluwa, aliyetunga gemu peke yake. Hakuwa na kampuni wala msaidizi. Alichora mapango mwenyewe, akatunga muziki mwenyewe, na mwisho wa mapango akaweka zimwi lenye vinywa viwili, kimoja usoni, kimoja kisogoni. Akalipa nguvu kupita kiasi. Siku aliyolimaliza, zimwi likatoa mkono nje ya kioo cha kompyuta, likamvuta ndani, likammeza.

Nyumba yake ikabaki wazi na kioo kinawaka.

Watu wakaja kujaribu. Aliyefika mlango wa tatu wa lile gemu alivutwa mwili mzima, asionekane tena. Majirani wawili walipotea hivyo. Kisha akapotea Shekue, kaka yake Siwatu.

Siwatu alikuwa msichana wa miaka kumi na minane, mwepesi wa mikono. Alikuwa na msichana mwenzake, Mrashi. Mama yake Mrashi alifariki alipomzaa, basi mama yake Siwatu akawanyonyesha wote wawili, huyu ziwa la kulia, huyu la kushoto. Wakakua wakiitana somo, yaani rafiki wa chanda na pete.

Siku moja Siwatu akasema, "Somo, mimi nakwenda kumtoa Shekue."

"Huendi peke yako," Mrashi akasema. "Shekue ni kaka yangu pia. Wewe una mikono, mimi nina macho. Wewe utapigana, mimi nitachora njia."

"Na tukilifikia zimwi?"

"Wewe mbele, mimi nyuma. Likikutazama wewe, mimi nalikata kisogo."

Basi wakashika pedi za kuchezea gemu, kila mmoja yake. Wakapita mlango wa kwanza, wakapita wa pili, na wa tatu ukawavuta. Wakajikuta wamesimama pangoni, kila mmoja ana panga, na Mrashi ana daftari na kipande cha mkaa.

Humo ndani kulikuwa na sheria yake. Ukimezwa na zimwi, unaamka tena kwenye mlango wa kwanza. Ukimezwa mara ya nne, unabaki tumboni.

Wakatembea siku nyingi. Walipigana na nge wakubwa kama mbuzi. Siwatu alipotumbukia shimoni, Mrashi alivua kanga akamvuta nayo, hata viganja vyake vikachubuka. Kila kona waliyopita, Mrashi aliichora.

Wakafika kwa zimwi. Limekaa mbele, mlango wa kutokea uko mgongoni mwake. Mrashi akanyata, akazunguka nyuma.

Zimwi likauliza, "Nani yuko mbele yangu?"

"Ni mimi, Siwatu."

"Nani yuko nyuma yangu?"

"Ni somo yangu, Mrashi."

Vita vikaanza. Kinywa cha mbele kikanguruma. Kinywa cha nyuma kikawa kinanong'ona. Siwatu alisikia mnong'ono, maneno hakuyasikia.

"Somo, kata," akaita.

Zimwi likazidi kunguruma.

"Somo, kata sasa."

Siwatu akainamisha kichwa kando atazame nyuma ya zimwi. Akamwona Mrashi anatoka mlangoni, daftari kwapani, hageuki. Na pale pale alipokuwa anatazama, zimwi likammeza.

Akaamka kwenye mlango wa kwanza. Akajisemea, "Ameogopa kidogo. Atarudi." Hakuwa na daftari tena, akaenda kwa kupapasa kuta, anapotea, anarudi, anapotea. Akafika.

"Nani yuko mbele yangu?"

"Ni mimi, Siwatu."

"Nani yuko nyuma yangu?"

"Ni somo yangu, Mrashi."

Akapigana. Katikati ya vita akatupa jicho nyuma ya zimwi, aone kama kweli amerudi. Zimwi likammeza.

Akaamka. Akajisemea, "Amekwenda kuita watu." Akaenda tena, akafika, akaulizwa, akajibu vile vile. Akapigana kuliko mwanzo. Kisha akatupa jicho. Zimwi likammeza mara ya tatu.

Safari hii alipoamka hakupata la kujisemea. Akakaa chini akalia. Hakumlilia Shekue, wala hakujililia nafsi yake. Alililia vile viganja vilivyochubuka kwa ajili yake, kwa sababu navyo vilikuwa kweli, kama kuachwa kulivyokuwa kweli. Machozi yakakauka yenyewe, akasimama, akaenda.

"Nani yuko mbele yangu?" likauliza zimwi.

"Ni mimi, Siwatu."

"Nani yuko nyuma yangu?"

"Hakuna mtu."

Zimwi likashtuka, maana mara zote tatu lilijibiwa jina la Mrashi. Likauliza tena, "Nani yuko nyuma yangu?"

"Nimekwambia. Hakuna mtu."

Siwatu hakutazama popote. Zimwi lenyewe ndilo lililogeuka, lihakikishe. Lilipogeuka, kisogo kikawa mbele ya Siwatu, na kinywa cha nyuma kikafunguka kianze kunong'ona. Hakikuwahi. Siwatu akakata mara moja, zimwi likaanguka, tumbo likapasuka.

Akatoka fundi Kiluwa, wakatoka majirani wawili, akatoka Shekue. Kiluwa akashika mkono wa Siwatu akasema, "Mwanangu, nisamehe kwa nilichokitengeneza." Wakatoka wote mlangoni, na kioo kikazimika.

Nyumbani wakamkuta mama amekaa mkekani, na Mrashi ubavuni mwake anamsonga nywele. Mama akainuka, akamkumbatia Shekue. Kisha akamtazama Siwatu, asijue aweke wapi uso.

"Mama, vipi?" Siwatu akauliza.

"Mwanangu, tuliambiwa ulikimbia. Tuliambiwa ulimwacha Mrashi mbele ya zimwi ukapotelea mapangoni. Na mimi nikaamini. Nikakuombea radhi kwa majirani."

Siwatu akamgeukia Mrashi. Mrashi bado ameshika kitana.

"Somo, niliogopa," Mrashi akasema.

"Hata mimi niliogopa."

"Kinywa kile kilininong'oneza."

"Kilikuahidi nini?"

Mrashi akaanza kung'oa nywele zilizonasa kwenye kitana.

"Nimekuuliza, kilikuahidi nini? Dhahabu? Ufalme?"

"Hapana. Kilisema tu, mlango uko wazi, nenda nyumbani."

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

Siwatu akakaa chini. Njia nzima ya kurudi alikuwa akijitungia bei kubwa aliyouzwa, bei ambayo hata yeye ingemtia tamaa. Sasa hakuwa na cha kushika ili amsamehe.

Mama akataka kumfukuza Mrashi siku ile ile. Siwatu akasema, "Mama, usimfukuze. Maziwa uliyompa huwezi kuyarudisha. Ila asiniite somo."

Mrashi akabaki humo humo. Walikula sinia moja, walisalimiana asubuhi na jioni. Lakini tangu siku ile Siwatu alimwita kwa jina tu, Mrashi, kama alivyoitwa na kila mtu mtaani, mpaka Mrashi alipoolewa akahama.

Hadithi imefika mwisho wa kamba yake, na mimi naifunga hapa hapa. Mafunzo yake ni haya, wanangu: mwenzio akikuacha vitani, malizana kwanza na aliye mbele yako. Na wewe usimwache mwenzio kwa sababu tu mlango uko wazi.