Fisi Alivyopima Visima kwa Tumbo

Mwaka huo jua liliwaka mpaka Mamba akaonekana anatembea na jani la mgomba kichwani. Simba, na kiburi chake kile, akatangaza: "Nataka utafiti! Atakayeniambia kwa nini visima vinakauka nitamvika joho, na nyumba yake itakunywa ya kwanza kwenye chemchemi yangu."

Sungura alikuwa na watoto watatu, siku hizo wanagombania umande. Alijua hesabu kuliko wote, lakini angewaachia nani wanawe akazunguke visimani? Akakaa na uchungu wake. Mara Fisi akabisha hodi, amebeba gunia la magome ya mti yaliyojaa alama.

"Bwana Sungura, bingwa wa takwimu! Nikokotolee hizi namba. Kazi ya dakika mbili tu."

Dakika mbili! Gunia zima lile!

"Kabla sijagusa gome, tuelewane," Sungura akasema. "Jina langu litakaa chini ya lako, na wanangu watakunywa pamoja na wako."

"Hilo tu? Naapa kwa meno yangu!"

"Haya, ulipima kwa kipimo gani?"

"Kwa tumbo. Kisima cha Mkwajuni, Jumatatu matumbo manne. Jumanne mawili. Jumatano hola."

"Na maji uliyoyapima uliyarudisha?"

Fisi akamtazama kwa huruma. "Niyarudishe vipi, ndugu yangu?"

Siku tano Sungura alikokotoa mpaka masikio yakamlegea. Visima kumi alivyopima Fisi, vyote vikavu. Viwili alivyoviogopa kwa ajili ya nyuki, akavichungulia kwa mbali tu, vimejaa pomoni. Sungura akaandika vilevile kwenye gome jipya, hakuficha kitu.

"Kesho njoo tulisome gome pamoja kabla hujalipeleka," akasema. "Mwishoni pana neno."

Fisi wapi! Alilinyakua gome, akaliparura jina la Sungura njiani na kukimbilia barazani.

"Nani alikusaidia?" Simba akauliza.

"Hakuna, Mfalme! Kila namba ni yangu, na nife kama naongopa!"

Nyuma ya umati, Sungura alishikwa na hasira. Lakini akangoja, maana desturi ya baraza ni kwamba Kasuku husoma gome hadi herufi ya mwisho.

Kasuku akasoma: "Kila kisima alichopima Fisi kilikauka ndani ya siku tatu. Asivyovipima vimejaa."

"Uongo!" Fisi akabweka. "Sungura ndiye aliyekokotoa! Mimi hata kujumlisha sijui!"

"Kumbe ulisaidiwa," Simba akasema.

Joho akavikwa Sungura. Liliburura chini, watoto wote watatu wakajificha ndani yake, wakatembea nalo mpaka chemchemini wakanywa wa kwanza, wakanywa hasa! Fisi akaamriwa ayarudishe maji ya visima kumi, tumbo kwa tumbo, akiyateka kwenye vile viwili vyenye nyuki.

Mchimba kisima huingia mwenyewe.