Mahari ya Tembo

"Mziba njia ya tembo huziba kisima chake."

Leo asubuhi mlikuwa mkikata miiba mzibe ule uwazi wa mpakani. Bibi yenu Mbinya akawarushia maneno hayo kutoka ng'ambo, nanyi mkanijia mbio kuuliza ameyatoa wapi. Ameyatoa kwangu. Methali hii ilianza hivi, na mjinga wa siku ile ni mimi babu yenu. Chekeni mtakavyo, ila msinimalizie uji.

Baba alipotugawia shamba, mimi na kaka yangu Muindi tulipakana mpaka mtoni. Mto wetu mnaujua: mvua ikipita hubaki mchanga mtupu, maji yamejificha chini. Na desturi mnaijua. Kisima cha mchangani ni cha aliyekichimba. Wengine hunywesha, lakini kwanza humwomba mwenyewe, na aombaye vizuri hanyimwi.

Muindi alipofariki, mkewe Mbinya alikataa kuchoma makaa. Migunga yake ya kando ya mto aliiacha isimame, nyasi akaziacha zirefuke, wanyama wakapata pa kukaa. Mahindi aliyapanda huku juu, akayazungushia mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya, nyuki hutoka, na sijaona tembo wa kubishana na nyuki.

Mimi nilikuwa mjuzi zaidi. Niliifyeka migunga yangu yote nikachoma makaa. Njia ya zamani ya tembo ya kushukia mtoni ilipita kwangu. Nikaiziba kwa miiba, kuanzia barabarani hadi mchangani. Tembo wakaitazama ile miiba, wakageuka, wakahamia kwa Mbinya. Naye akawapisha!

Kila nilipokutana naye mbele za watu nilimchokoza. "Shemeji, nasikia umeposwa na tembo! Huyo mchumba ataleta mahari gani? Kinyesi?"

"Ngoja alete, shemeji," alinijibu. "Wewe ndiwe utakayekuwa shahidi."

Basi mvua za vuli zikakataa. Visima vikakauka kimoja kimoja. Nilishuka mtoni upande wangu nikachimba hadi kikabaki kichwa tu juu ya mchanga. Nikapata vumbi, na chini ya vumbi, mwamba. Wapita njia walinisalimu kama mtu aliyekwisha kuzikwa: "Nzioka, huko kuzimu kuna habari gani?"

Ningecheka, lakini ng'ombe wangu Malkia alikuwa na mimba kubwa, na ndiye mali pekee niliyobaki nayo. Asubuhi moja alishindwa kusimama. Tulimwinua kwa kumshika mkia. Nilijua akilala tena, haamki.

Hapo ndipo nilipoona kanga wakipita mbio, kundi baada ya kundi, wote wakielekea upande wa Mbinya. Kanga hawaendi kutalii. Nikamswaga Malkia polepole, nikawafuata.

Loo! Chini ya kivuli cha migunga tembo walikuwa wamefukua mchanga kwa miguu na mikonga, na kila shimo lilijaa maji maangavu. Vipepeo walitanda ukingoni. Mbuzi wanakunywa, wanawake wanateka huku wakiimba, na Mbinya mwenyewe ameketi juu ya mtungi wa plastiki kama chifu.

"Karibu, shemeji," akasema. "Una ombi?"

Nimwombe mwanamke niliyemcheka mbele ya kijiji kizima?

"Sina ombi," nikasema kwa sauti, kila mtu asikie. "Kisima ni cha aliyekichimba. Wewe hukuchimba hata kimoja. Kwa hiyo huna haki ya kuombwa!"

Nyimbo zikakatika. Mama mmoja akanong'ona, "Hapo amekubana, Mbinya."

Nami nikavimba. Malkia hakungoja hukumu. Alikwisha kupita katikati yetu akatumbukiza mdomo majini, na Mbinya hakumzuia. Malkia alizaa ndama jike mwezi ule ule, na ng'ombe wote mnaowakamua leo ni ukoo wake. Miiba niliiondoa kesho yake kwa mikono yangu, na huo ndio uwazi mliotaka kuuziba. Lakini nyinyi mliniuliza neno lilikotoka.

Mbinya aliinuka kwenye mtungi wake, akajikung'uta mchanga, akanitazama kutoka miguuni mpaka kichwani.

"Kweli, shemeji, sikuchimba. Amechimba mchumba wangu, na mahari uliyoiulizia ndiyo hiyo anayokunywa ng'ombe wako. Zamani alipita kwako; usingemzibia njia, angechimba kwako. Jioni atakuja, kwa hiyo kaa hapo umsubiri, umwombe mwenyewe, na usisahau kumweleza ile miiba iliwekwa na nani. Mziba njia ya tembo huziba kisima chake!"