Hongera za Mistari ya Juu

Kaeni, wapendwa, kaeni. Na wewe uliyeshika simu, endelea tu kuishika, maana habari ya leo imetokea humo humo.

Alikuwepo bwana mmoja aliyesoma chuo cha biashara. Msiniulize chuo gani. Yeye na wenzake walihitimu, wakapiga picha na majoho yao, kisha kila mtu akashika njia yake: huyu benki, huyu bandarini, huyu duka la mjomba. Lakini hawakutupana. Walikuwa na kundi lao kwenye simu, na kundi lilikuwa na desturi. Kila mwaka, kabla ya hafla ya wahitimu, katibu wao, dada mmoja mchangamfu asiyejua kuchoka, alitangaza: "Wana darasa, tupeni habari za maisha na kazi!" Basi hapo mmoja mmoja anapanda jukwaani. Nimepandishwa cheo. Nimefungua tawi. Nimehamia kwangu. Na chini yake hongera zinamiminika mpaka simu inapata moto.

Sasa hawa walikuwa wasomi, na chuoni walifundishwa namna ya kuandika taarifa. Habari njema iwe juu. Shukrani zifuate. Kama kuna hasara, iweke chini kabisa, tena uivalishe nguo nzuri. Somo hilo walilifaulu wote, wakaenda nalo mpaka majumbani.

Bwana wetu alikuwa meneja wa mauzo kwenye kampuni ya vigae. Kampuni ikapunguza watu, naye akapunguzwa. Akatafuta kazi mpaka soli za viatu zikaisha. Nyumbani maneno yakawa mengi, halafu yakawa machache, na ninyi mlio kwenye ndoa mnajua kwamba hayo machache ndiyo mabaya zaidi. Mkewe akachukua watoto akaenda kwao, akasema ni mpaka mambo yakae sawa. Mambo hayakukaa sawa.

Akabaki peke yake. Mnaujua upweke wa mtu aliyezoea kelele za watoto? Alikuwa akisonga ugali, mkono umeshazoea kipimo cha familia, akija kuipua anakuta amepika wa nyumba nzima. Anakula kidogo, unaobaki anautazama. Redio aliiwasha asubuhi akaiacha ijisemee mpaka jioni, wala hakuwa anasikiliza. Kuna siku sauti yake mwenyewe hakuisikia ila aliponunua vocha. Mtaani walimwita, "Meneja, za leo?" Naye alijibu, "Safi kabisa." Angesemaje? Amshike mtu mkono barabarani aanze kulia?

Mwaka huo katibu alipotangaza, bwana wetu alishinda na simu mkononi Jumamosi nzima. Alitaka kitu kimoja tu: mtu aje. Hakutaka hela, wala hakutaka kutafutiwa kazi. Alitaka mtu aketi kwenye lile kochi wazungumze, hata habari za mpira. Akaandika jinsi alivyofundishwa:

"Ndugu zangu, kwa moyo wa shukrani nawajulisha kwamba nimehitimisha utumishi wangu kama meneja wa mauzo, na sasa nimeingia katika awamu mpya ya maisha. Nawashukuru wote tuliotembea pamoja."

Akapumua. Akateremka chini zaidi, akaandika yale yenyewe:

"Kusema kweli, nilipunguzwa kazi. Mama watoto yuko kwao na watoto. Niko peke yangu na nimechoka. Mwenye nafasi apite tu nyumbani tuongee. Chai ipo."

Akatuma. Halafu, sikilizeni, akainuka akafagia sebule. Akapanga vikombe. Akachemsha chai ya kujaza chupa, akaketi kwenye kiti kinachotazama mlango.

Lakini simu zetu mnazijua. Ujumbe ukiwa mrefu, simu inakuonyesha kipande cha juu, kisha inakuandikia "Soma zaidi." Na nani kati yetu ana muda wa kusoma zaidi?

Wa kwanza akaandika, "Hongera sana mkuu! Awamu mpya, viwango vipya!" Wa pili akamwona wa kwanza, akaandika hongera. Wa tatu akawaona hao wawili, je, yeye ni nani asipongeze? Mmoja akasema, "Usitusahau huko juu." Katibu naye akaingia na mikono ya kupiga makofi: "Kaka, kwenye hafla tunakuomba usimame utupe siri ya mafanikio."

Huko juu! Mtu yuko kwenye kiti, anatazama mlango, chai inapoa.

Siku ile hakuja mtu. Jumapili hakuja mtu. Jumatatu asubuhi alimwaga ile chai, na hasira ikampanda. Akasema kwa sauti, mwenyewe sebuleni, "Hawa si watu! Nimewalilia, wananipigia makofi!" Akashika simu ajitoe kwenye kundi. Na kabla ya kujitoa, kama mtu anayetaka kuhesabu maovu ya wenzake vizuri, akaanza kupandisha juu, atazame wanavyopongezana hao wanafiki.

Ndipo akakutana na ujumbe wa rafiki yake wa chuoni, yule waliyelala naye kitanda cha deka, mmoja juu mmoja chini, wakiazimana tai moja siku za mitihani ya kuzungumza mbele ya darasa. Rafiki alikuwa ameandika majuma kadhaa nyuma kwamba amehamia Njombe kuanza kilimo cha parachichi. Hongera zimejipanga chini yake. Na hongera ya kwanza kabisa ilikuwa ya nani?

Yake mwenyewe. "Hongera mzee wa parachichi! Tutumie na sisi tulambe!"

Akaiangalia. Chini ya ule ujumbe palikuwa na yale maneno mawili, na yeye hakuwahi kuyagusa. Akayagusa. Ukafunguka:

"Ndugu zangu, mwezi wa pili tulimzika binti yetu wa mwisho. Hatukutangaza, nguvu hatukuwa nazo. Ile nyumba ya mjini imetushinda kuishi. Mke wangu hasemi na mtu. Mwenye nafasi anipigie, hata dakika moja."

Wapendwa, yule bwana alikaa chini sakafuni. Hasira yote ikamtoka, ikaingia aibu. Akapiga simu. Ikaita muda mrefu.

"Haloo," rafiki akapokea, sauti imepungua.

"Kaka. Pole. Pole sana, kaka. Nimesoma leo."

Rafiki akasema, "Asante. Wewe ndiye wa kwanza."

"Nisamehe. Niliandika upuuzi pale."

"Usijali. Wote waliandika." Akakohoa, akajikaza kiume, akataka kumpa mwenzake neno zuri. "Lakini tuache ya kwangu. Na mimi nimeiona yako juzi. Umepanda, mwenzangu! Hongera sana. Angalau mmoja wetu mambo yamemnyookea."

Naye hajafungua.

Mnataka niwaambie bwana wetu alimjibu nini? Mnataka niseme alimweleza, wakalia pamoja, kesho yake akapanda basi la Njombe? Ningependa. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, na aliyesimama upande wa pili ndiye mtu pekee duniani ambaye angeelewa. Lakini ulimi ulishazoea.

Akasema, "Asante, kaka. Tunamshukuru Mungu."

Wakaagana. Redio ikaendelea kusema.

Sasa ninyi mnasikitika, naona dada pale anafuta macho. Msimlilie yule. Tujililie sisi. Sisi ndio tunaoweka kidonda chini na shukrani juu, halafu tunanuna kwamba watu hawakioni. Na sisi ndio wale wale tunaosoma juu juu, tunapongeza, tunapita. Yule bwana alikuwa mgonjwa, tena alikuwa ndiye aliyempita mgonjwa mwenzake njiani, kwa mdomo ule ule mmoja. Je, sisi tukoje? Leo mlangoni mmeulizana habari, mmejibizana njema. Nani kati yenu alisimama amsubiri mwenzake amalize?

Kwa hiyo baraka ya kufunga ibada sijaitoa bado. Mgeukie uliyekaa naye. Muulize, "Habari yako?" Atakuambia ni njema. Usiitikie Amina, usigeuze shingo. Muulize tena, na safari hii unyamaze. Na wewe unayeulizwa, mara hii ya pili usimshukuru Mungu kwanza. Anza na lile la chini.

Mimi nitasubiri hapa. Sina haraka.