Nyimbo Tano za Machibya

Wahenga hawakuwa na mzaha walipotuonya tusitupe mkeka wetu mkuukuu eti kwa kuwa tumeona msala mzuri wa mpita njia. Msala ule una mwenyewe, na mwenyewe yuko safarini. Machibya wa Sapiwi aliijua methali hii vizuri, ila aliijua kwa mdomo tu.

Machibya alikuwa manju wa kikundi cha ngoma cha Bagalu. Kila mwaka alitunga nyimbo mpya, na kila mwaka shangazi yake Milembe aliziimba na wenzake wakilima pamba, tangu mpaka huu hadi ule, hadi zikawakaa kichwani. Nyimbo zilihifadhiwa jembeni, maana Machibya alikuwa hodari wa kutunga na hodari zaidi wa kusahau. Miaka miwili mfululizo wapinzani wao, Bagika, walikuwa wamewashinda. Wakishindwa tena, umanju ungepewa mtu mwingine.

Siku hizo za soko huria, vitu vigeni vilipokuwa vikimiminika mjini Bariadi, Mwalimu Method alifungua darasa la kompyuta. Machibya alikwenda kuchungulia, akapigwa na butwaa. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameivuruga mashine hadi haitamaniki. Method aliizima, akaiwasha kwa disketi yake, nayo ikaamka safi kana kwamba haijaguswa na mtu. Alieleza kuwa haina diski ndani ya kuhifadhia kitu. Lolote linalofanyika humo hukaa kwa muda tu, na ikizimwa huondoka lote, baya kwa zuri.

Machibya alisikia nusu. Alikuwa kama mtu aliyeona maiti akipiga chafya. Siku hiyohiyo akamsomea Method nyimbo zake tano mpya azichape, akaziona zikijipanga kwenye kioo, machozi yakamlengalenga.

"Baba, lete disketi nyingine tuzinakili," Method alimwambia. "Jioni nikizima, zimekwenda."

"Mwalimu, chombo kinachojiponya chenyewe kitashindwaje kutunza nyimbo tano?"

Akarudi Sapiwi kifua mbele, akamwambia shangazi yake walime kwa nyimbo za zamani. Milembe alinuna, akalima.

Mwezi wa saba, ikiwa imebaki siku moja kabla ya mashindano, Machibya alizifuata nyimbo zake. Method alimtazama kwa huruma, akasema mashine ilikuwa imezimwa mara zaidi ya mia tangu siku ile. Akaiwasha. Kioo kiliamka safi vilevile, kitupu. Hata hapo Machibya hakuweza kukichukia. Alikistaajabia tu.

Kwa Wasukuma, vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, na watazamaji huenda kwa anayewavuta; mwenye wengi ndiye mshindi. Kesho yake uwanjani Machibya alianza wimbo wa kwanza, mstari wa pili ukamponyoka. Akajaribu mwingine, nao ukakatika njiani. Waitikiaji walimsubiri, wasijue la kumsaidia, kwa kuwa hawakuwahi kuzisikia. Watu wakaanza kuhamia kwa Bagika, mmoja mmoja, kisha makundi kwa makundi. Wa mwisho kuhama alikuwa shangazi Milembe, na hakugeuka nyuma.

Usiache mbachao kwa msala upitao.