Fisi, Mashine na Zamu za Kisima

Mwaka ambao jua liliufanya mto kuwa mchanga mtupu, wanyama wa bondeni walifanya walichozoea kufanya wazazi wao: walichimba kisima katikati ya mto. Sheria yao ilikuwa fupi. Aliyechimba anakunywa, na aliyechimba zaidi anakunywa zaidi. Juu ya sheria hiyo kulikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyewahi kuitangaza, kwa sababu kila mtoto alikua akiiona: mama aliyetoka kujifungua hunywa kabla ya wote, hata kama hakugusa mchanga.

Aliyeita zamu alikuwa Ngedere. Kazi hiyo aliifanya kwa namna yake. Shemeji zake waliitwa mapema kidogo, na mchana usingizi ulimchukua, foleni ikasimama mpaka azinduke. Lakini akimwona mama mwenye kichanga anakuja kwa mbali, alipiga kelele bonde zima lisikie: "Mpisheni mzazi!" Hata Simba alisogea pembeni.

Siku moja Korongo alirudi kutoka safari zake akiwa amebeba kisanduku chenye sola mgongoni.

"Hii ina akili mnemba," alisema. "Ielezeni nani amefanya nini, nayo itapanga zamu kwa haki. Hailali, na haina shemeji."

Wote wakamgeukia Ngedere. Ngedere akajifanya anatafuta chawa.

Simba aliinamia kisanduku. "Wewe, unanijua?"

"Ndiyo, Mtukufu," mashine ilijibu. "Ni furaha kubwa kuzungumza na mfalme mwenye busara kama wewe."

Simba alizoea kusifiwa na wanaomwogopa. Kusifiwa na kitu kisicho na shingo ya kukabwa kulimpendeza mno. "Hii ina akili kweli," alisema, na papo hapo akatangaza: "Kuanzia leo neno la mashine ni neno langu. Atakayelipinga, amenipinga mimi. Ngedere, asante, nenda kapumzike."

"Nipumzike mpaka lini, Mtukufu?"

"Wewe pumzika tu."

Likabaki swali la nani atakuwa anaieleza mashine yanayotokea kisimani. Tembo alikuwa amezama kwenye mchanga, Nyati anavuja jasho, na kila mwenye kwato alikuwa kazini. Fisi, ambaye hakuwa na shughuli yoyote, akanyoosha mguu.

"Mimi nitajitolea," alisema.

Fisi kujitolea! Hapo tu wangeshtuka. Lakini mwenye kiu hana muda wa kushtuka, wakamkubalia.

Fisi akaketi kivulini na kisanduku chake. "Sikiliza," aliiambia mashine. "Leo Fisi amechimba tangu jua linachomoza. Tembo amekuja kuoga vumbi. Nyati amepiga soga."

"Asante kwa maelezo hayo muhimu, Bwana Fisi. Bidii yako inastahili pongezi. Napendekeza unywe wa kwanza, tena unywe sana."

"Basi, kama umesema," alijibu Fisi kwa upole, akaenda kunywa mpaka tumbo likaburuta chini. Alipoona mashine inaamini kila neno, akawaongeza wajomba zake, nao wakawa wachimbaji hodari bila kutoka pangoni. Tembo alipolalamika kwamba anapewa maji ya kulowesha ulimi tu, Fisi alimwonyesha kisanduku. "Si mimi, kaka. Ni mashine."

Mashine haikuwa na ubaya. Iligawa sawasawa kile ilichoambiwa, basi. Kisima chenyewe haikuwahi kukiona.

Ndipo Digidigi akajifungua. Alikuja kisimani, kichanga chake amekiacha chini ya kichaka. Hakuna aliyeita kwamba apishwe. Aliambiwa aulize mashine.

"Mwanangu ananyonya ngozi tupu," Digidigi alisema. "Maziwa yamekatika. Nisipokunywa leo, atakufa."

"Pole sana," mashine ilimjibu. "Naelewa kwamba hali yako ni ngumu. Kwa mujibu wa taarifa nilizonazo, hujachimba, kwa hiyo huna zamu. Je, kuna jambo jingine ninaloweza kukusaidia?"

"Jamani, mpisheni mzazi!" Ngedere alipiga kelele kutoka mtini.

Macho yote yakaenda kwa Simba. Simba akayaangalia makucha yake kana kwamba ndiyo kwanza anayaona. "Neno la mashine ni neno langu," alisema, safari hii kwa sauti ndogo.

Hapo mimi humkasirikia Simba kuliko Fisi. Fisi ni Fisi. Simba aliijua desturi, ila aliona haya kurudisha maneno yake mbele ya watu.

Sungura alikuwa kwenye foleni. Tusimpambe, huruma yake ni ya kiasi. Lakini na yeye alikuwa na kiu, na kiu ilimnoa akili. Akasogea mbele.

"Bwana Fisi, niruhusu niulize mashine swali moja tu."

"Uliza, ila kwa heshima."

"Ewe mashine, kisima kimebaki matope. Ili maji yapatikane haraka, achimbe nani?"

"Swali zuri sana!" mashine ilisema. "Kwa mujibu wa taarifa nilizonazo, Tembo huoga vumbi na Nyati hupiga soga. Wachimbaji hodari ni Bwana Fisi na wajomba zake. Napendekeza waingie kisimani sasa hivi, na wengine wote watoke, kwani wanawazuia."

Tembo alikuwa wa kwanza kupanda juu. "Mimi sipendi kumzuia mtu," alisema. Nyati akamfuata.

Fisi alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Mashine inatania. Mambo ya kuchimba haiyajui."

"Na ya kugawa maji iliyajulia wapi?" Sungura aliuliza.

"Hapa imekosea tu!"

Simba aliinua kichwa. Alikuwa ameona mlango wa kutokea. "Fisi, unalipinga neno la mashine?"

"Hapana, Mtukufu, mimi..."

"Basi ingia."

Fisi akaingia. Wajomba walipoitwa, pango lilikuwa tupu. Kila Fisi alipotupa mchanga juu, ulimrudia machoni. Kucha zilimuuma, ulimi ukamning'inia. "Mashine, nisaidie!" alilia.

"Endelea hivyo hivyo, Bwana Fisi. Unafanya vizuri sana."

"Nilidanganya!" Fisi alipiga yowe. "Sijawahi kuchimba hata konzi moja! Nitoeni!"

"Asante kwa kunirekebisha," mashine ilisema. "Je, nipange zamu upya?"

"Ngoja," alisema Sungura. "Kuna jambo hatukukuambia, kwa sababu sote tunalijua." Akaieleza habari ya mzazi.

"Samahani. Hilo sikulijua," ilijibu mashine, na safari hii haikuongeza pongezi.

Simba hakungoja zamu zipangwe. Alishuka mwenyewe kisimani, akamsukuma Fisi kando, akachimba kwa makucha yale yale aliyokuwa akiyaangalia. Tembo na Nyati wakashuka naye. Maji yalipochipuka, Digidigi alikunywa peke yake, kisha akakimbilia kichakani. Kichanga kikanyonya mpaka kikalala na chuchu mdomoni.

Mashine hawakuitupa, maana kupanga iliweza. Ila tangu hapo kila mchimbaji aliieleza kazi yake mwenyewe mbele ya wote, na Ngedere akapewa kazi mpya ya kuzunguka na kutazama yale isiyoyaona. Akipiga kelele, zamu zote husimama kwanza.

"Na shemeji zangu?" aliuliza.

"Wapange foleni," alisema Simba.

Nami naishia hapa. Wewe uliye na mashine kazini kwako, kabla ya kuisifu au kuilaumu, nenda katazame ni nani ameketi kando yake akiieleza mambo.